Njugu za Kuvuka Jangwa

Juzi kwenye foleni ya vifurushi hapa Kakamega, mama aliyenitangulia aliweka kauntani mfuko wa njugu za kukaanga. Simu yake ilikuwa kwenye spika. Mwanawe yuko Lodwar, anangoja kuanza mashindano ya baiskeli ya kuvuka jangwa.

“Mama, usitume. Huku kila mtu anajitegemeanga. Nikisaidiwa peke yangu, wananitoa.”

“Na wakisaidiwa wote?”

“Hiyo wanakubali.”

“Mko wangapi?”

“Arubaini.”

Mama aliutazama mfuko, akakaza leso kiunoni, akamwambia karani: “Niwekee huu. Narudi sokoni.”

Waliotunga sheria zile walifikiria jua, mchanga na kiu. Mama wa Kakamega hawakumfikiria.