Magamba kwenye Kamba ya Nguo

Kwetu, Jumapili baada ya misa, hakuna aliyeanika nguo. Kamba iliyofungwa kutoka kwenye mpapai hadi nguzo ya jikoni ilikuwa ya Magamba.

Magamba alikuwa shujaa wa mjomba wangu. Mjomba ni kitindamimba kwao mama, fundi kwenye karakana ya reli, na wakati ule alikaa kwetu, mtaa wa Kasuku hapa Kindu, chumba cha nyuma. Alichora kwenye karatasi za mifuko ya simenti, zile za ndani zisizo na vumbi, akizinyoosha kwa pasi ya makaa mpaka mama anune. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria. Nyekundu ni unga wa ngula, ule mti mwekundu, uliokorogwa na mawese. Bluu ni ile tunayofulia mashati ya shule. Kila karatasi ilibeba picha moja kubwa na maneno chini yake. Alizibana kwenye kamba kwa vibanio, na watoto wa avenyu nzima walisoma kwa kutembea: unaanzia kwenye mpapai, unamalizia jikoni, na ukitaka kurudia unazunguka nje, hupiti katikati, maana mawese hayatoki kwenye nguo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Pale stesheni kuna mchukuzi wa mizigo mwenye jicho moja bovu, mtu ambaye hakuna anayemsalimia. Ndani ya gunia lake ameficha koti lililoshonwa kwa magamba ya kakakuona. Akilivaa, risasi zinadunda na mamba wanavunjika meno. Mji mzima unamwita Magamba na kumshangilia, halafu kesho yake unampita stesheni bila hata jambo. Siri hiyo tuliijua sisi tu tuliosimama mbele ya kamba.

Mjomba alisoma kwa sauti, akanguruma na kupiga kifua, na wanawake waliokuwa wakipita na ndoo zao walisimama kusikiliza. Mimi nilimshikia vibanio. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu mshika vibanio haulizwi kitu. Niseme ukweli: niko mwaka wa tatu wa sekondari, na mwalimu akiniita nasimama, jibu ninalo, lakini linanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Wenzangu wanasema ninaringa. Jioni nayaandika yote niliyotaka kusema, na kwenye karatasi mimi ni msemaji mkubwa.

Halafu mjomba akahamishiwa Kalemie. Jumapili yake ya mwisho alituchorea Magamba akipigana na majambazi juu ya kivuko, katikati ya mto Lualaba. Picha ya mwisho haikuwa na mtu. Ilikuwa maji tu, na mapovu. Watoto walimrukia, kafa au hakufa? Akacheka akawaambia, mutaona. Siku gari la moshi lilipoondoka, alikuwa ameniachia rundo la karatasi, kopo la masizi na vibanio vyote, kama mzigo usiobebeka safarini.

Jumapili iliyofuata watoto walikuja kama kawaida, wakakuta mashuka. Ya pili walikuja wachache. Nilipowaona wakichungulia juu ya ua kisha wakaondoka polepole, nilijua kwamba nisipofanya kitu, Magamba atakuwa amekufa kweli, na si mtoni, bali hapa kwetu.

Wiki nzima nilichora. Nilimtoa Magamba majini akiwa mzima, akikamua koti lake. Nilibana karatasi kwenye kamba mapema, nikajificha jikoni. Watoto wakaja, wakatembea hadi katikati, wakasimama. Kulikuwa na kijana mmoja wa wafanyabiashara waliotoka Butembo, mwenye mdomo kuliko wote, na yeye ndiye aliyeanza.

"Huyu haiko Magamba. Muangalie kiuno chake. Huyu njo mama wa sombe."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa sijawahi kuchora mwanaume. Mkono wangu ulizoea kuchora wanawake waliofunga kitenge, na mabega ya Magamba yalikuwa yametoka kama ya mama, na kiuno pia. Niliketi nyuma ya kinu, machozi yakinitoka. Mama alikuwa anatwanga majani ya muhogo, sombe hiyohiyo, palepale, kwa hiyo na yeye alisikia ule mzaha. Alimaliza kutwanga kwanza. Kisha akaniuliza kwa nini ninamlazimisha marehemu arudi.

Kwa watu wa mama, upande wa Pangi, mzee mwenye cheo akifa, kofia yake na kinyago chake havizikwi pamoja naye, wala mtoto wake havichukui siku ileile. Vinakaa kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Mpwa havivai. Anavitunza tu, mpaka apatikane mtu anayestahili. Hayo niliyajua tangu utoto, kama ninavyojua njia ya kisimani, ila sikuwahi kufikiri yanamhusu Magamba.

"Muntu anaisha," mama alisema. "Kofia haiishe. Na wewe uko mupwa wa nani?"

Nilichora upya. Safari hii mchukuzi alikufa kweli, na nikaweka picha ya stesheni ambako hakuna aliyegundua kwamba amekosekana. Koti likaelea hadi ng'ambo, likaokotwa na mtoto wa dada yake, msichana asiyesema sana. Akalikausha, akalikunja, akalificha chini ya kitanda. Hakulivaa. Akaanza kuuangalia mji ili amjue wa kumpa. Nilichagua mwanamke anayekausha samaki kwa moshi, kwa sababu kiuno nilishakijua.

Jumapili hiyo watoto walifika kwa uvivu. Kijana wa Butembo alisoma hadi katikati, akaguna kwamba mpwa anaingiaje hapa. Wenzake watatu wakamrukia kumweleza, kila mmoja akitaja babu yake, mpaka akanyamaza akarudi kwenye mpapai kuanza upya. Nilikuwa ninatazama kupitia mwanya wa mlango wa jikoni. Wakubwa walisoma kimyakimya. Lakini wadogo wasiojua kusoma walikuwa wanavutana mashati na kuuliza, anasema nini, anasema nini, na hakuna aliyewajibu. Mmoja wao, mtoto wa kike wa jirani, akaja moja kwa moja jikoni, akanishika kidole.

"Yaya, unisomee."

Yaya kwetu ni dada mkubwa, na ningeweza kumkatalia mtu yeyote isipokuwa yule. Nilitoka naye, nikainama mpaka sikioni mwake, nikamsomea picha ya kwanza kwa kunong'ona. Tukasogea hadi ya pili. Mdogo mwingine akaja, akasukuma sikio lake. Tulipofika ya nne, sikusikia tena vurugu. Niliinua macho, nikaona wote wamesimama kimya, hata wakubwa waliokwisha soma, hata yule kijana, wamenyoosha shingo ili wanisikie. Nikataka kurudi jikoni. Lakini mtoto alinivuta kidole, na nikaendelea kwa mnong'ono uleule, kwa sababu nilikuwa sina sauti nyingine. Mwanamke wa samaki alipolivaa koti, risasi hazikudunda. Zilipotea ndani ya moshi, na majambazi wakabaki wanakohoa.

"Hii iko nzuri kupita ya risasi," akasema kijana wa Butembo, kisha akajitetea kwamba ni kidogo tu.

Tangu hapo Magamba amebadilika mara nyingi. Koti linarudi kwa mpwa, na watoto wanagombania mvaaji mpya tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Limevaliwa na mwalimu anayeogopa mbwa, na mwadhini aliyepoteza sauti, na bibi mmoja kiziwi. Kila anayelivaa linampa nguvu tofauti, kulingana na kile alichonacho. Jumamosi moja ya salongo, kazi ya usafi ya mtaa mzima, kiongozi wa chama wa mtaa wetu alipita akikagua usafi, akakuta nimeanika karatasi za kukauka. Alisoma kamba nzima, mikono mgongoni. Mwishoni akauliza huyu mwananchi Magamba anakaa avenyu gani. Watoto wakaacha mafagio, kila mmoja akaonyesha nyumba yao.

Kiangazi mjomba alikuja likizo. Nilimngoja kwa furaha na kwa hofu, maana shujaa alikuwa wake na mimi ndiye niliyemzika. Jumapili baada ya misa alianzia kwenye mpapai kama mtu wa kawaida. Alisoma polepole. Mbele ya picha ya stesheni, ile ya mchukuzi kukosekana bila mtu kuona, alisimama sana. Nilijikaza nikamuuliza kama amekasirika.

"Nilimutupa mu mayi sababu sikuona wa kumuachia," akasema. "Nilikuwa naye hapa mbele, ameshika vibanio, na sikuona."

Watoto walikuwa wamekaa tayari, na siku hiyo koti lilikuwa limerudi chini ya kitanda, halina mwenyewe. Kijana wa Butembo akasimama akapendekeza apewe mjomba, mwenye kulianzisha. Wote wakamshangilia, wakanigeukia mimi. Mjomba naye akanitazama, na niliona kwamba angelipenda.

"Hapana," nikasema, na si kwa kunong'ona. "Mujomba anarudi Kalemie. Magamba anabakia Kindu."

Mjomba akaanza kucheka taratibu, akamsogeza mtoto wa jirani, akakaa, kisha akabadili mawazo, akanyanyuka. Akaja pale niliposimama, akanyoosha mkono wazi, akaniambia nimpe vibanio ashike, nami nianze kusoma.