Fundi Dashnyam na nati iliyogoma

Saa tatu asubuhi, nyuzijoto ishirini na sita chini ya sifuri, fundi Dashnyam amepiga magoti mbele ya gurudumu la lori dogo la bluu. Ameshika bomba refu alilochomeka kwenye mpini wa spana, analivuta kwa uzito wake wote. Nati ya katikati ya gurudumu haitikisiki.

"Kaka, vipi?" anauliza Nansalmaa, mwenye lori.

"Inakuja."

"Ulisema hivyo nikiwa kwenye bakuli la kwanza la chai. Sasa niko la tatu!"

Nansalmaa, mfugaji wa miaka 38, ana haki ya kuhangaika. Amebeba marobota sitini ya nyasi kavu. Kilomita themanini kutoka hapa Arvaikheer, mji wa Mongolia, mumewe yuko peke yake na kondoo na mbuzi mia tatu, ambao tangu jana wanatafunana manyoya kwa njaa. Redio imesema dhoruba ya theluji itaingia jioni. Na beringi ya gurudumu la mbele imekufa.

Dashnyam, 54, amefanya kazi hii miaka 29 ndani ya kontena kando ya barabara. Kubadilisha beringi ya gurudumu moja humpatia tugrik elfu hamsini.

"Beringi yenyewe ni nusu saa tu," anasema akihema. "Nati ndiyo inayokula siku yangu. Na bega langu." Bega hilo liliteguka mwaka juzi, bomba lilipochomoka ghafla. Mpaka leo mkewe humsaidia kuvaa koti.

Gombo, mziba pancha wa jirani, anakuja kutazama, mikono ndani ya mikono ya koti. "Ibembeleze, bwana. Huenda imeolewa na hiyo ekseli."

"Acha domo, njoo uning'inie hapa!"

Wananing'inia wawili. Bomba linapinda. Dashnyam anamimina oili, anapasha moto kwa gesi, anagonga, anavuta tena. Wapi! Kwa hasira anachukua brashi ya waya na kusugua kutu na grisi kuukuu. Anasimama. Ukingoni mwa nati kuna kinundu cha chuma. Mtu ameichomelea kwenye ekseli.

"Mjinga gani huyu?" anafoka. "Nati ya gurudumu haichomelewi! Beringi haipati grisi, haikazwi tena, mwisho gurudumu linachomoka mko mteremkoni. Nani kafanya unyama huu?"

Nansalmaa anamtazama. "Ni wewe, kaka."

Gombo anaangua kicheko, kisha anakimeza.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, njiani, katikati ya dhoruba. Pini ya kuizuia nati ilikuwa imekatika, nati inajifungua yenyewe, na Dashnyam alikuwa akipita na mashine yake ya kuchomelea.

"Niliwaambia mje baada ya wiki niweke mpya," anasema.

"Hukusema. Ulisema, 'Nendeni, hii haitoki tena maishani.' Tukakushukuru, tukakupa na jibini."

Aibu imempanda Dashnyam mpaka masikioni. Anawasha msumeno wa umeme na kuanza kuikata nati upande mmoja, huku Nansalmaa na Gombo wakishikilia blanketi zito la sufu ili cheche zisiruke kwenye nyasi. Akizidisha kidogo tu atakula nyuzi za ekseli zinazoshika nati, na lori halitaondoka leo wala kesho. Anazima, anapapasa kwa ukucha, anawasha tena. Halafu tindo na nyundo. Pigo la tatu, nati inapasuka.

"Haya!" anapiga kelele Gombo.

Saa saba kasoro robo Nansalmaa yuko barabarani, na beringi mpya, nati mpya na pini mpya. Hakuaga vizuri. Mawingu upande wa kaskazini yameshakuwa meusi.

Mkewe Dashnyam amemwita mara mbili aje kula. Haendi. Anatia nati na pini mpya kadhaa kwenye mfuko, anafunga kontena, anapakia zana kwenye gari lake.

"Siku ile ya dhoruba sikuchomelea nati ya lori moja tu," anamwambia Gombo bila kuinua macho. "Yalikuwa matano pamoja na hili. Wawili nina simu zao. Wa tatu anafuga ngamia kusini, nitaulizia, nitampata."

"Na wa nne?" anauliza Gombo.

"Jina lake silijui. Nakumbuka tu alikuwa na watoto watatu kwenye kiti cha mbele."