Ini la Mtu Asiyeonja Pombe

Siku yangu ya kwanza kazini, Ushirombo, sikupewa sindano wala mkasi. Mganga msimamizi wa kituo aliniambia ninyooshe mikono, akatazama kucha zangu, akanituma nikazikate. "Huwezi kupapasa tumbo la mtu kwa makucha ya mwewe," alisema. Nilinuna, lakini nilizikata. Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, nami nilikuwa muuguzi mpya mwenye maringo ya sare iliyopigwa pasi.

Kupapasa kulikuwa nusu ya kazi yetu. Mgonjwa analala chali, magoti ameyakunja, unaweka kiganja chini ya mbavu za kulia na kumwambia avute pumzi. Ini likiwa limevimba, utalisikia likishuka. Upande wa kushoto unatafuta bandama, ambalo malaria ya mara kwa mara hulikuza.

Baadaye nilihamishiwa Nyarugusu, kwa wachimbaji wa dhahabu. Huko maini yaliyovimba yalikuwa mengi, na sababu mara nyingi ilinuka kabla mgonjwa hajafungua mdomo: gongo. Watu walishika somo hilo moja tu, kwamba ini ni pombe, na somo lilisafiri haraka kuliko mimi. Nilipohamishiwa Tinde, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nililikuta limeshafika.

Hapo Tinde alikuwepo mfanyabiashara wa vitambaa, Bwana Salum, mtu wa swala tano, ambaye hakuwahi kuonja pombe. Alikuja akilalamika uchovu na uzito ubavuni. Daktari wa wilaya, aliyekuwa akitutembelea mara moja moja, alimpapasa akakuta ini kubwa. Waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walisikia. Kabla ya Ijumaa mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba mzee anakunywa kwa siri akiwa safarini. Mkewe, Mama Zuhura, akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka zake Shinyanga mjini. Alisema hawezi kuishi na mnafiki.

Daktari huyo alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwetu. Aliporudi, alimuuliza Bwana Salum habari za chakula, si za chupa. Sukari ilikuwa adimu madukani wakati ule, lakini nyumba ya mfanyabiashara haikuikosa. Chai ilikuwa tamu mpaka midomo inanata, na wali uliogelea kwenye samli. Uchovu ulipoanza, nyumbani walimwongezea ili apate nguvu. Daktari aliniagiza nipime mkojo: unadondoshea matone machache kwenye dawa ya buluu, unachemsha juu ya moto wa spiriti, na ikigeuka rangi ya tofali basi sukari ipo. Iligeuka tofali.

"Siyo pombe," daktari alimwambia. "Mwili ukipewa kuliko unavyotumia, mafuta huenda kukaa ndani ya ini. Haliumi sana, na huo ndio ubaya wake. Likiachwa miaka, linaweza kuota makovu na kukakamaa kama la mlevi. Na ugonjwa huu hupenda kuandamana na kisukari, na maradhi ya moyo hayako mbali. Acha sukari, punguza mafuta, tembea kwa miguu. Kitambi kipungue polepole."

Bwana Salum alisikia maneno mawili ya kwanza tu.

Juma lililofuata alichinja kondoo kushukuru jina lake kusafishwa. Mama Zuhura alirudishwa na kaka zake kwa heshima zote, nami nikaalikwa. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake uani. Bibi mmoja Msukuma aliyekuwa akipakua alinisogezea kipande cha mkia, mafuta matupu. "Kula, mayu, leo furaha," alisema, akiniita mama kwa lugha yake. Nikauliza mkia uliobaki uko wapi. Bakuli zima lilikuwa limeshapelekwa barazani, kwa mwenye shughuli. Nilipandwa na hasira.

"Mama Zuhura," nilisema, "mumeo amesafishwa jina. Ini bado."

"Sista, daktari si alisema siyo pombe?"

"Alisema ni mafuta. Ndiyo hayo mliyompelekea."

Alijitanda khanga yake, akaingia barazani katikati ya wanaume. Mimi nilisimama mlangoni. Aliinama akachukua bakuli mbele ya mumewe.

"Mama Zuhura, unaniaibisha mbele ya wageni?"

"Aibu ya kwanza nilikuacha ukaibeba peke yako, na hukuwa na kosa," alijibu. "Hii tutaibeba wote."

Bwana Salum alitazama bakuli likiondoka, kisha akaomba maji ya kunawa.

Kitambi kilipoanza kupungua, majirani walisema mke anamnyima mumewe chakula. Mama Zuhura alisemwa sana, naye alivumilia. Nilipopata uhamisho wangu wa mwisho, ini la Bwana Salum lilikuwa limepungua, na alikuwa akienda dukani kwa miguu.

Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana hunijia na maswali. Wana mashine ya kuliona ini bila kupapasa, nami nafurahi kwa ajili yao. Dawa ya ini la namna ile hatukuwa nayo kabatini hata moja, na wapo wengine tuliowashauri vizuri kabisa, wakaitikia, wakaenda nyumbani kula vilevile. Bado naumia nikiwakumbuka. Kwa hiyo nawaambia vijana: mgonjwa wa namna hii msimshauri akiwa peke yake. Mwiteni na anayempakulia.