Basi la Buluu la Bibi Temenuga

Zornitsa alipenda vitu ambavyo bado havijakuwapo. Kazini kwake, katika mji mdogo kando ya mto Yantra, alikuwa akijenga tovuti ya kijiji cha bibi yake, na kurasa nyingi zilikuwa bado ndoto tu: Basi, Daktari, Maktaba. Basi akatunga kipande kifupi cha msimbo wa programu, akakiita msaidizi. Unakipa jina, nacho kinakutengenezea kiungo cha buluu kilichopigiwa mstari, kizuri kabisa, lakini nyuma yake hamna kitu ila alama ya reli, #. Ukikibofya, ukurasa unaruka juu, na mambo yameishia hapo. Kila ukurasa ulimwita huyo msaidizi. Jioni Zornitsa aliyatazama yale maneno ya buluu akayaona kama madirisha ya nyumba ambayo haijajengwa, na ndani taa zimeshawashwa.

"Taa zako zitamdanganya mtu," alisema Momchil, mwenzake wa meza ya pili.

"Nani? Hata haijatangazwa."

Alisahau kwamba alikuwa amemtumia bibi yake anwani ya tovuti hiyo, ili amringie kidogo.

Jumapili ya Matawi, asubuhi, simu ikalia.

"Wewe mtoto, hilo basi lako lina magurudumu au linatambaa?"

"Basi gani, bibi?"

"La kanisani! Nimebonyeza pale penye 'Basi la Jumapili', ukurasa ukaruka juu, fyuu! Nikajua nimepokelewa. Nikawaonyesha majirani, nao wakabonyeza. Tuko kituoni sote, hata Yordan na goti lake."

"Mwambie goti linamsalimu!" sauti ya mzee ikadakia nyuma.

Paa la kanisa la kijijini lilikuwa limeanguka wakati wa theluji, na ibada sasa ilikuwa kijiji cha jirani. Temenuga ni jina la ua, na leo ilikuwa siku ya wote wenye majina ya maua. Wageni wangekuja bila kualikwa. Tangu aolewe, bibi hajawahi kuwapokea bila tawi la mwerebi wa mtoni lililobarikiwa pale langoni. Zamani babu ndiye aliyelikata. Mwaka huu bibi alikuwa amelikata mwenyewe, na padri akishanyunyiza maji, basi tena, mpaka mwakani.

Akampigia Momchil, ambaye mjomba wake ana gari la kubebea maziwa.

"Si nilikwambia..."

"Utanisuta njiani. Washa gari!"

Ukungu ulikuwa haujainuka. Kituoni wazee walisimama kimya, matawi yamewafunika mpaka vichwani, hata Zornitsa akadhani ukingo wa mto umepanda barabarani kungoja safari. Wakapakiwa katikati ya makopo ya maziwa. Njia nzima majani yalinong'ona, na harufu ya mto ikajaa garini.

Walipofika, nyimbo zilikuwa zimekwisha na padri ameshika mlango.

"Baba, usifunge!" Bibi Temenuga alishuka wa kwanza, tawi juu. "Sisi tumechelewa kwa sababu ya basi la buluu."

"Mbona silioni?"

"Hata sisi hatujaliona!"

Padri akacheka, akarudi ndani. Akatoka na bakuli, akachovya shada la rihani, akawanyunyizia palepale ngazini. Tone moja likamwangukia bibi kwenye kope. Hakulifuta.

Mchana, nyumbani kwa bibi, wageni wakila samaki, Zornitsa alifungua kompyuta pembeni ya meza. Alibadilisha mstari mmoja tu ndani ya msaidizi, na kwa kuwa kurasa zote humwita yeye, madirisha yote yakazimika kwa pamoja. Palipokuwa na buluu pakabaki maandishi ya kijivu yasiyobonyezeka, na kando yake neno moja: *bado*.

Bibi akagusa "Basi". Kimya.

"Halirukiruki tena."

"Halijafika, bibi."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo, mke mwenza wangu. Likifika, liwashie taa."

Yordan naye akanyoosha kidole, akagusa "Daktari". *Bado*. Akasugua goti lake polepole, akaomba kipande kingine cha samaki.

Zornitsa hakuifunga kompyuta. Langoni lile tawi lilikuwa bado linadondosha maji. Akaanza kumwandikia mkuu wa kijiji: basi la kweli linaweza kuanza lini?