Mtu Asiye na Kinyongo na Ndovu

Mimi si mtu wa kungoja. Ajabu ni kwamba kazi iliyonipeleka Doha ilikuwa ya kungoja: dereva wa nyumbani huko Al Rayyan, kupeleka watoto shule na kuwangoja, kumpeleka mama yao sokoni na kumngoja. Ijumaa ile nilikuwa nikimngoja huyo madamu nje ya duka kubwa la Abu Hamour, simu mkononi, nikilizunguka gari kama kuku anayetaka kutaga.

"Hebu tulia, bwana wee," alisema dereva mwenzangu, Mzanzibari niliyekaa naye chumba kimoja. "Utaitoboa lami hiyo."

"Kijiji kizima kimekaa saa hii. Wananijadili mimi."

"Alaa! Waziri wa ndovu!"

Nilimwacha acheke. Hakujua nilivyokitaka kile kiti. Kwetu Taita, serikali ilikuwa imetunga sheria mpya ya wanyamapori, na kaunti ikatakiwa kuunda kamati ya kusikiliza watu walioliwa mazao au kuuliwa jamaa zao, na kushauri ni mnyama gani ahamishwe na yupi apigwe risasi. Kijiji chetu kiliombwa kipendekeze jina moja. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha, na nilikuwa nimechoka kwenda nyumbani kwa ndoto tu. Kwa kiti kile ningerudi nikiwa mtu mwenye kazi, si mtu aliyeshindwa na Uarabuni.

Walikuwa wamekutana mara kadhaa bila kumpata mtu. Walimtaka anayeweza kusoma sheria na kuielewa, asiye mlevi, asiyetetemeka mbele ya wakubwa. Hao walikuwapo. Sharti lililowashinda ni la mwisho: asiwe na kinyongo na ndovu, asije akataka kila ndovu auawe. Sasa kwetu nani hana kinyongo? Huyu ameliwa mahindi, yule amevunjiwa tangi la maji. Ndipo mtu akanikumbuka mimi. Niliwahi kuwa askari wa wanyama kwenye ranchi kabla ya kusafiri, na tangu niondoke sikuwa nimeona hata nyayo za ndovu.

Mama yangu aliuawa na ndovu mwaka uliotangulia, akitoka kuchota maji. Walijua, wao ndio waliomzika. Lakini waliona kwamba kwa kuwa mimi sikuwapo, uchungu wangu ulikuwa umepoa njiani. Na sikuwapo kwa sababu huku huondoki nchini bila kibali cha mwajiri, na mwajiri wangu alikuwa Ulaya akikimbia joto. Kibali kilipotoka, mama alikuwa ameshazikwa, nikajiambia safari haina maana tena. Nilipoisikia hoja yao, niliipenda. Ilinifaa.

Simu ikaita. Nikaingia garini, nikafunga mlango. Walikuwa darasani kwenye shule ya msingi, simu imewekwa juu ya dawati kwa sauti kubwa, mwalimu mkuu akiongoza. Aliniuliza habari za sheria, nikajibu. Aliniuliza nitafanyaje mkubwa akinipigia simu kumpendelea mtu wake, nikajibu, wakacheka kwa kuridhika. Kisha nikasikia kiti kikikwaruza sakafu, na sauti ya baba yangu.

"Mwanangu, wanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Yule ndovu aliyemuua mama yako bado anazunguka hapa. Kamati ikikaa kesho, utasema afanywe nini?"

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. "Nitasema tufuate sheria, baba. Tuchunguze kwanza kama ni mnyama wa hatari au alishtuliwa tu. Pengine ahamishwe."

Wakapiga makofi. Hapo nje madamu alikuwa ametoka dukani na toroli lake, anagonga kioo. Nilimwinulia kiganja angoje, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Baba alisubiri makofi yaishe. "Umejibu vizuri," alisema. "Tena upesi. Mimi swali hilo najiuliza kila nikiamka, na sijalijibu hata leo. Kweli mmempata mtu asiye na kinyongo. Hakutupa hata konzi ya udongo kaburini."

Nilishikwa na hasira kwanza, za kutaka kumwambia kuhusu kibali na mwajiri na Ulaya, mambo anayoyajua. Kisha nikaona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Mwalimu mkuu akakohoa, akauliza kama aandike jina langu.

"Usiandike, mwalimu," nilisema. "Nipe baba."

"Niko hapa."

"Baba, mama mmemlaza upande gani wa nyumba?"

Madamu aligonga tena. Sauti ya baba sasa haikuwa na ukali wowote.

"Nyuma ya jiko lake," alisema. "Nilidhani uliambiwa."