Mpaka Watoto Wafike Kumi

Nilimpokonya nesi kitambaa alichokuwa akifuma nikakitupa nje, mchangani, mbele ya kina mama wote. Mwanangu nilikuwa nimembeba mgongoni kwa leso, naye akaanza kulia.

Nilikuwa nimemwuliza tu, "Sista, utamchanja leo?"

Hata uso hakuinua. "Mko na watoto wangapi?"

"Saba."

"Ngojeni wafike kumi."

Dawa ya surua ilikuja kwenye kichupa cha watoto kumi. Kikishafunguliwa, itakayobaki jioni humwagwa. Basi wasipofika kumi, hakifunguliwi, mrudi kliniki ijayo. Mimi nilikuwa nimerudishwa na kurudishwa, na surua ilishaingia mtaa wa pili kutoka kwetu. Ukipita unasikia watoto wanavyokohoa.

Na kilichonichoma roho ni kwamba nesi huyu hakuja hivi. Alipohamishwa kutoka bara, Kiswahili chake kilikuwa cha kuwachekesha hata vikongwe, naye akicheka nao. Siku ya kliniki akiona benchi liko wazi, hujitanda leso juu ya sare akatoka mwenyewe kupiga hodi majumbani. "Mama, huyu amechanjwa? Mlete upesi, nimebakisha wawili nifungue!" Kabla ya adhuhuri kumi wameshapatikana.

Kisha siku moja walipatikana wanane, akafungua. Mkubwa wa zahanati, tuliyemwita daktari, akamkemea mbele yetu kama anayekemea mtoto.

"Dawa ya serikali unaimwaga? Kwenu kuna kiwanda?"

Karani wa kadi naye akadakia, "Mwache, daktari, anatafuta cheo. Kesho atachanja na mbuzi."

Wakacheka sana. Na chupa zilizolala ndani ya friji mpaka zikapitwa na wakati? Hizo hazikuwahi kumletea mtu kemeo. Tangu hapo nesi hakutoka tena. Akanunua uzi.

Sasa alitoka akaokota kitambaa chake, akakikung'uta mchanga polepole.

"Nikifungua, nagombezwa," akasema. "Nisipofungua, haniulizi mtu. Ungekuwa wewe ungefanyaje, mama?"

"Ningefungua!"

"Hata mimi nilifungua."

Nikaondoka na mwanangu mgongoni, nikapiga hodi mimi, jua la utosi. Mmoja akaniambia mtoto hachanjwi mpaka baba yake arudi. Mwengine yuko shamba. Kwa kubembeleza nikapata wawili, tukarudi mbio.

"Tisa, sista! Tisa!"

Nikamwona anasimama. Mkono ukafika kwenye mlango wa friji. Halafu akatazama chumba cha daktari, mlango uko wazi, na karani anamtazama huku anachokoa meno. Mkono ukarudi.

"Kumi, mama," akasema, kwa sauti ndogo. "Niwie radhi."

Sikuwa na wa kumi. Ningemtoa wapi? Ningemzaa palepale?

Kabla ya kliniki ijayo mwanangu alishikwa na homa, macho mekundu, kisha vipele. Mama mkwe akaja kutoka Takaungu kunisaidia kumpoza kwa vitambaa vya maji. Hakufa, alhamdulillahi. Lakini jicho la kushoto lilibaki na doa jeupe, na ukipitisha kidole mbele yake halipepesi.

Nikaenda Kilifi, ofisi ya afya. Karani wa huko akanisikiliza vizuri, hata akanipa kiti.

"Taja jina la nesi, dada. Tutamhamishia mbali."

"Na daktari?"

"Daktari alifungua chupa? Alikataa kufungua? Hakuwepo hapo."

"Nalalamikia desturi yao, bwana."

"Desturi haina faili. Malalamiko lazima yawe ya mtu."

Nikaomba karatasi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, hayo yananitosha kuandika. Niliandika hivi, naye akaigonga muhuri bila kuisoma:

"Mimi ni mama wa mtoto ambaye jicho lake la kushoto halioni. Nalalamika kwamba katika zahanati yenu anayefungua dawa hukemewa, na anayeiacha iharibike huachwa afume. Nesi msimhamishe. Akija mwengine mtamfunza vilevile. Mwandikieni amri, mkubwa wake aisome, kwamba akija mtoto mmoja, afungue."