Nyaya za Maulidi Ndani ya Trekta la Dada

Trekta la dada yangu lilianza kutoa harufu ya mpira unaoungua wiki ile ambayo watu wote wa Dutumi walikuwa wakitazama mawingu kusubiri mvua za kulimia. Dada ni mjane. Trekta hilo, aliloachiwa na marehemu shemeji, ndilo linalolima shamba lake na mashamba ya majirani, na hulala chini ya banda la makuti, ubavuni mwa ghala la mahindi. Likishika moto, vyote vitatu vimekwenda. Akanipigia simu Kisarawe, ninakoishi. Nina digrii ya fasihi, lakini kwenye ukoo wetu msomi ni kama mafuta ya nazi: hupakwa popote panapouma.

Nilipofika nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akaniuliza nimekuja na nini. Nikamwambia nimekuja na tochi, tepu nyeusi na shauku kubwa.

"Hiyo shauku utaichomeka wapi, mdogo wangu?"

Tulianza kwa kufungua waya wa hasi kwenye betri, kama nilivyosoma kwenye simu njiani, ili tukikosea kugusa zisiruke cheche. Kisha nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Nilitegemea nyaya chache tu, za taa, honi na stata. Nilikuta kichaka. Nyaya za kila rangi zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuvishwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na nyingi hazikuwa na safari. Zilitoka kwenye betri, zikapenya tundu la bati, zikaishia hewani.

Nikawa namuuliza dada waya mmoja mmoja. Ule wa kijani, akasema, ni wa maulidi ya mwaka msikiti ulipoezekwa upya. Mwekundu ni wa maulidi yaliyonyeshewa hadi pilau ikahamishiwa darasani. Shemeji, mzaliwa wa Mzenga, alilipeleka trekta uwanjani kila mwaka, na betri yake ndiyo iliyowasha spika na taa. Kila mwaka aliunga waya mpya. Sherehe ikiisha alikata kipande cha nje, cha ndani akakiacha, na mwaka uliofuata hakuna aliyejua kilikojificha. Nilizifuata kwa tochi, maulidi juu ya maulidi, mpaka nikasahau kwamba nilikuwa natafuta chanzo cha moto.

Nilikikuta kwenye waya wa mwisho. Mtikisiko wa kulima ulikuwa umeusugua kwenye ukingo wa tundu mpaka shaba ikatokeza na bati likaungua jeusi. Fyuzi ilipaswa kukatika zamani, ila ilikuwa imeviringishiwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, inayopitisha umeme hata fyuzi ikikatika. Mlinzi alikuwa amezibwa mdomo.

Nikasema za maulidi zote zitoke. Dada aliinama, akauchungulia ule uliosuguliwa.

"Huo wa mwisho aliufunga ameshaanza kuumwa. Mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Ujasiri ukanitoka. Nikapendekeza huo mmoja tuufunge tepu, tuuache. Dada alitazama makuti, akatazama ghala.

"Na mahindi yakiungua, nayo nitayafunga tepu?"

Akachukua koleo mkononi mwangu, akazikata mwenyewe, ule wa mwisho akaukata baada ya zote. Tundu la bati tukalivisha mpira. Nyaya zilizobaki, za taa, honi na stata, tukazipitisha ndani ya kipande cha mpira wa maji, mbali na bomba la moshi, kisha tukaweka fyuzi mpya, isiyo na karatasi.

Asubuhi tulirudisha waya wa hasi kwenye betri, trekta likawaka, likanuka dizeli tu. Nilimuuliza dada itakuwaje maulidi yakifika. Akasema betri ataifungua, aipeleke uwanjani peke yake, na trekta libaki nyumbani limelala.

Nilipokuwa naondoka, nikaona mlango wa ghala umefungwa kwa waya, umezungushwa vizuri na ncha zake kukunjwa ndani. Ni ule wa mwisho, shaba bado imetokeza pale uliposuguliwa.